Namna ya kutumia simu na kompyuta kuwafundisha wanafunzi wa sekondari kuongea Kiingereza, hata kama darasa lina watu 60

Tuanze na hesabu kabla hatujagusa simu wala kompyuta. Darasa lina wanafunzi 60, kipindi ni dakika 40. Ukisema kila mmoja asimame aongee Kiingereza peke yake we unasikiliza, na usipoteze hata sekunde moja kuita majina au kunyamazisha watu wa nyuma, kila mtu anapata sekunde 40. Basi, anakaa chini anasubiri wenzake 59 wamalize. Na hiyo ni kwenye karatasi tu, darasani wanaoongea ni wale wale watano wa mbele kila siku, wengine wanamaliza shule hawajawahi kusema sentensi tatu mfululizo mbele ya mtu. Alafu tunashangaa mtoto anafaulu vizuri mtihani wa kuandika ila ukimuuliza "how was your weekend" anaangalia chini anachora sakafu na kidole cha mguu.

Kwahiyo mi kila kifaa kinachotajwa kwenye habari za teknolojia nakipima kwa swali moja tu: hiki kikiwashwa, wanafunzi wangapi watakua wanaongea kwa wakati mmoja? Projekta ikiwashwa jibu ni sifuri. Naongea kwa uchungu kidogo maana nilishahangaika karibia wiki mbili kutafuta projekta ya kuazima, nikatafuta na spika, nikapakua video nzuri kabisa ya watu wanaongea Kiingereza safi, siku ya siku watoto wakafurahi mno, wakacheka penye kucheka, kipindi kikaisha wakanishukuru, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kusema Kiingereza zaidi ya "thank you ticha". Lilikua somo la kusikiliza. Kusikiliza kuna faida yake lakini sio nilichokua nimeenda kufanya pale.

Kifaa kinachoshinda kwenye hilo swali langu ni rikoda. Ile programu ya kurekodi sauti inayokuja na simu yenyewe, haihitaji bando, haihitaji akaunti, inafanya kazi hata kwenye simu ya zamani isiyo na laini. Watu wengi wanairuka kwasababu haina mvuto, wanakimbilia mambo ya akili bandia na nini, ila kama una muda wa kujifunza kitu kimoja tu kwenye maelezo haya jifunze hiki.

Vifaa kwanza

Tafuta simu 10 kwa darasa la watu 60. Usishtuke, sisemi ununue. Omba walimu wenzako na wazazi simu walizostaafisha, zile zilizopasuka kioo, zilizokataa kushika mtandao, mradi maiki inanasa sauti na betri inadumu saa moja. Ukipata 10, kila simu ina watoto 6, na kila mtoto akirekodi sekunde 45 basi raundi nzima inaisha ndani ya dakika tano hivi kwasababu makundi yote 10 yanarekodi kwa mpigo. Simu moja ya mwalimu ingekula dakika 45 kwa kazi hiyo hiyo, yani kipindi kizima na zaidi. Tofauti yote iko hapo.

Ukiwa na simu yako peke yake pia sio mwisho. Kundi moja la watoto 6 wanarekodi leo, wengine 54 wanafanya mazoezi ya wawili wawili ambayo nitayaeleza huko chini, kesho kundi lingine, vipindi 10 darasa zima limepita.

Kabla ya yote pata ruhusa ya mkuu wa shule na wazazi wajue, maana hizi ni sauti za watoto na shule nyingi zina sheria kali za simu, hutaki kukuta umekamatwa na simu 10 kwenye begi unaanza kujieleza. Simu zote ziwekwe hali ya ndege ili zisilete meseji wala matangazo katikati ya kazi. Na rekodi za wanafunzi hazipandishwi mtandaoni, hata ile iliyokufurahisha sana, hata kama ni ya kusifia.

Rekodi mbili

Zoezi lenyewe lina sura moja tu, wanarekodi, wanasikiliza, wanarekodi tena. Uzito uko kwenye hiyo "tena". Walimu wengi wakishapata rekodi ya kwanza wanaikusanya wakasahihishe kama daftari, na hapo ndo wanaua kila kitu, kwasababu mtoto akipata masahihisho wiki ijayo ameshasahau hata alisema nini.

Andika ubaoni swali moja ambalo kila mtu ana jibu lake. "Tell us about a person who taught you something outside school." Wape dakika moja ya kufikiria, wakitaka waandike maneno matatu tu kwenye kiganja au karatasi, sio sentensi. Ukiruhusu sentensi umekwisha, watasoma, na mtu anayesoma unamjua hata ukifumba macho, sauti inakua tambarare kama mtu anahesabu viroba. Alafu kila kundi liende kona yake, nje kwenye kivuli au koridoni ni bora kuliko ndani maana kelele za makundi 10 ndani ya chumba kimoja zinaingia zote kwenye maiki. Simu ishikwe mkononi, umbali wa shubiri moja toka mdomoni, isiwekwe juu ya meza kwasababu kila mtu akigusa meza rekodi inanguruma kama lori.

Raundi ya kwanza imeisha, sasa kila mmoja anasikiliza ya kwake. Hapa watacheka, wataziba masikio, watasema "hii sio sauti yangu", kila binadamu anaichukia sauti yake mara ya kwanza kwasababu tumezoea kuisikia ikipita na kwenye mifupa ya kichwa pia, simu inaleta ile iliyopita hewani tu. Waambie hilo mapema litawapunguzia aibu. Baada ya kucheka kila mtu achague kitu kimoja cha kurekebisha. Kimoja. Sio matamshi na sarufi na kujiamini na msamiati vyote pamoja. Kisha wanarekodi tena swali lile lile.

Nikupe mfano nilioushuhudia. Kijana mmoja mkubwa tu wa mwili, mpole, alikua anamwelezea fundi aliyemfundisha kazi. Rekodi ya kwanza alisema "he was living at six in the morning". Wenzake wakaelewa kwamba fundi alikua anaishi... saa kumi na mbili asubuhi? Binti aliyekua ameshika simu akamuuliza, "kwani saa saba alikua amekufa?" Wakacheka wote na yeye mwenyewe akacheka, akarudisha rekodi nyuma akasikiliza tena, akakunja uso, akasema taratibu "leaving... lea-ving". Mi nilikua nimesimama pembeni sijasema neno. Ningemsahihisha mimi mbele ya darasa angeitikia "yes sir" na kosa lingebaki pale pale, ila kicheko cha wenzake wasioelewa na sikio lake mwenyewe vilifanya kazi ambayo kalamu nyekundu haifanyi.

Majina ya mafaili yawe ya namba, namba ya mwanafunzi kwenye orodha alafu tarehe, usikubali majina kama "rekodi mpya 47" utalia baadae. Na wewe usijaribu kusikiliza zote. Sikiliza sita kwa wiki, hizo sita zisikilize kweli, na ujibu kwa sauti, rekodi sekunde 20 za kumwambia mambo mawili, moja amelifanya vizuri na moja la kujaribu. Wiki 10 umewapitia wote 60 na hujachoka.

Usikilize nini?

Hapa kuna utamu wake, kwasababu wanafunzi wetu wanaofikiri kwa Kiswahili wana makosa yanayotabirika kabisa, na ukiyajua huhangaiki na kila kitu.

La kwanza irabu. Sisi tuna 5, Kiingereza cha Uingereza kinahesabiwa kuwa na sauti za irabu kama 20 hivi. Kwahiyo "ship" na "sheep", "live" na "leave", "full" na "fool" kwetu zinaingia kwenye shimo moja. Tengeneza jozi kama hizo 10, mmoja anarekodi neno moja kwa siri bila kuonyesha, mwingine anasikiliza na kunyooshea picha au neno alilosikia. Akinyooshea sio, wanajadiliana nani mwenye kosa, mdomo au sikio. Dakika tano tu na wote wako macho.

La pili ni "th", na hapa huwa nashangaa watu wanavyopata shida wakati Kiswahili kimetupa sauti zote mbili bure. "Think" ni th ya thamani, "this" ni dh ya dhahabu. Anayesema "sink" au "fink", mrekodi kwanza akisema thamani, thelathini, methali, kisha bila kupumzika aseme think, thirty, method. Sauti alikua nayo tangu utoto, alikua hajui kwamba ni hiyo hiyo. (Kama kwao hata thamani huwa ni "samani" basi anza na Kiswahili, sio dhambi.)

La tatu mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili toka mwisho karibu kila neno, sasa mtoto anabeba mkazo huo huo, anasema "kaLENda" wakati "calendar" inakazwa mwanzoni kabisa, anasema "HOtel" wakati inakazwa mwisho. Mbaya zaidi Kiingereza kinahamisha mkazo ndani ya familia moja, "photograph" mwanzoni, "photographer" silabi ya pili, "photographic" ya tatu. Kosa la mkazo mara nyingi linamchanganya msikilizaji kuliko kosa la sauti moja moja, kwahiyo ukikosa muda achana na "th" shughulika na mkazo.

La nne ndo ninalolipenda. Angalia haya maneno ninayoandika humu, intaneti, projekta, programu, spika. Tumeyachukua tukayabandika irabu ili yakae vizuri mdomoni kwetu, na hakuna ubaya, ndo Kiswahili hicho. Shida mwanafunzi anarudi na mkono huo huo kwenye Kiingereza, "stopped" inakua "sitopedi", "school" inakua "sikuli", "text" inakua "tekisiti". Yeye hasikii kwamba ameongeza kitu, ukimwambia anakataa kabisa. Sasa hapa ndo kompyuta inaingia, moja tu inatosha.

Weka Audacity, programu ya kurekodi sauti na kuionyesha kama picha ya mawimbi. Ni ya bure, ipo tangu mwaka 2000, ikishawekwa haihitaji intaneti. Bonyeza R, mtoto aseme "stopped", bonyeza spesi kusimamisha. Kisha Shift na R pamoja, inafungua mstari mpya chini yake, mwingine mwenye matamshi mazuri au wewe mwenyewe useme neno hilo hilo. Kuza picha kwa Ctrl na 1 mara kadhaa. Utaona mawimbi mawili yamelala juu na chini. La yule aliyetamka vizuri lina nundu moja kubwa katikati na vichaka vichaka pembeni, la yule wa "sitopedi" lina nundu nne zimepangana kama ngamia wa ajabu. Huhitaji kusema chochote. Mtoto anahesabu nundu kwa kidole kwenye kioo, anasema tena, zinabaki tatu, anasema tena, mbili, darasa linaanza kushangilia kama penati. Nimeona mtoto amekaa kipindi kizima cha mapumziko anazipunguza nundu za "strength" peke yake na hakuna aliyemwambia.

Sauti ya kuigia

Mwalimu mwenyewe ndo mfano wa kwanza na usione aibu na lafudhi yako, dunia ina lafudhi nyingi na lengo ni kueleweka, sio kuigiza mtu aliyezaliwa London. Ila wasikie na wengine. Kamusi za mtandaoni za Cambridge na Oxford zina alama ya spika pembeni ya neno, unasikia Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani. Tovuti ya Forvo ina maneno yaliyorekodiwa na watu wa nchi mbalimbali. Tovuti ya YouGlish unaandika neno inakuletea vipande vya video ambapo mtu amelisema katikati ya mazungumzo, na hii nzuri kwasababu neno likiwa peke yake na likiwa ndani ya sentensi ni vitu viwili tofauti, "and" ndani ya sentensi inabaki "n" tu. Kwa vipande virefu BBC Learning English wana vipindi vya dakika sita vya kupakua. Redio ya VOA ya Marekani walianza kutangaza Kiingereza chepesi tangu Oktoba 1959, maneno ya msingi kama 1,500 na usomaji wa polepole, wengi waliotufundisha sisi walijifunzia huko kwenye redio, zikiwepo rekodi zake mahali unaweza kuzitumia.

Pakua usiku ukiwa na mtandao, weka kwenye flashi au memori kadi, usitegemee mtandao wa kipindi cha tatu. Na usiwape dakika sita zote! Kata sekunde 20 mpaka 30. Fungua kwenye VLC, programu ya bure ya kuchezesha sauti na video kwenye kompyuta, punguza mwendo kwa kubonyeza [ mpaka kama 0.8 hivi, usishuke chini sana maana sauti zinaanza kuvutika kama mtu amelewa na mkazo unapotea. Wasikilize bila kuona maandishi. Mara ya pili wavume tu kwa "mm" bila maneno wafuate mawimbi ya sauti, panda shuka, wataona ujinga ila wavume. Mara ya tatu wanasema pamoja na msemaji, nyuma yake kidogo kama kivuli. Kisha mwendo wa kawaida. Kisha kila mtu anajirekodi akiisema peke yake. Tumerudi kwenye rikoda, unaona.

Kuandika kwa sauti

Kibodi za simu nyingi, Gboard kwa mfano, zina alama ya maiki, unaongea inaandika. Kwa mazoezi ya matamshi hicho ni kioo kizuri sana, mtoto anasema "I want to leave" akiona imeandika "live" anajua mwenyewe. Kwenye mipangilio chagua Kiingereza kilicho karibu na wanafunzi wako, sio lazima cha Marekani, vipo vya Nigeria, India, Kenya na vinginevyo, na lugha nyingi unaweza kuzipakua zikafanya kazi bila mtandao.

Ila usimfanye huyu hakimu. Ile programu inakisia kutokana na maneno ya jirani, ukisema "the captain sailed the sheep" inaweza kuandika "ship" kukuonea huruma na mtoto akabaki anajiona yuko sawa. Na upande wa pili inaweza kumkataa mtu anayeeleweka vizuri tu na kila binadamu, sababu haijazoea sauti yake au kuna upepo. Kwahiyo sentensi ziwe fupi na za kutatanisha makusudi, zile ambazo maneno yote mawili yanakubalika, kama "I saw a big ship" na "I saw a big sheep". Akipata mara 3 kati ya 5 aende mbele. Usitoe alama za mtihani kwa hiki kitu, utaonea watu.

Wale 54 wanafanya nini

Kuna mbinu inaitwa 4/3/2, haihitaji chochote zaidi ya saa ya kuhesabu muda, ya simu au ya mkononi. Wanakaa mistari miwili wakitazamana. Mstari wa kwanza wanaongea dakika 4 kuhusu jambo fulani, wa pili wanasikiliza tu. Muda ukiisha mstari mmoja unasogea mtu mmoja, wanasema habari ile ile kwa mtu mpya kwa dakika 3. Wanasogea tena, dakika 2. Habari haibadiliki ila muda unabana, kwahiyo ule muda wa "eeeh... aaah..." unaliwa. Kwa vidato vya chini nafanya 2, moja na nusu, na moja, maana dakika 4 kwa anayeanza ni milele. Kelele zitakua kubwa, mwalimu wa jirani atakuja mlangoni, mwambie ndo somo lenyewe.

Nyingine ya haraka: piga picha mbili za mahali pamoja, ya pili uhamishe vitu vitano, kiti, mfuko, chupa. Mmoja ana picha moja kwenye simu, mwenzie ana nyingine, hawaonyeshani, watafute tofauti kwa kuulizana. "Is there a bag on the chair?" Inafanya kazi kwasababu wana sababu ya kuulizana.

Kazi ya nyumbani kwa WhatsApp

Nzuri pale wazazi wanaposhirikiana, ila kumbuka WhatsApp yenyewe inataka mtu awe na miaka 13 au zaidi, na kuna watoto ambao nyumbani hakuna simu janja, kwahiyo isiwe kazi yenye alama. Ujumbe wa sauti wa dakika moja ni mdogo, haufiki hata nusu MB, haumalizi bando la mtu. Wafundishe kusukuma ile maiki juu ijifunge, la sivyo vidole vinachoka wanaishia katikati. Kundi liwe na sheria moja, maandishi hayaruhusiwi, kuomba ruhusa, kuuliza kazi, kutaniana, vyote kwa sauti na kwa Kiingereza. Wale wapole wasiofungua mdomo darasani huwa wanashangaza huko, maana wanaweza kurekodi mara saba na kufuta sita kabla ya kutuma. Hizo sita walizofuta ndo mazoezi yenyewe.

Akili bandia

ChatGPT na wenzake sa hivi wanaongea kwa sauti, unazungumza nao kama simu. Ni mwenzi wa mazoezi asiyechoka, ila ukimwachia anaongea yeye, anatoa hotuba, mtoto anasema "yes, it is good". Mpe masharti mwanzoni: aulize swali moja moja fupi, atumie maneno mepesi, asisahihishe katikati, mwisho ataje makosa mawili tu. Mwambie acheze mtu fulani, mhudumu wa mapokezi hospitali aliyechanganya majina, mtu aliyekuuzia simu mbovu hataki kurudisha hela, hapo mtoto inabidi abishane na kubishana kunaleta lugha.

Udhaifu wake mkubwa ni upole. Anaelewa kila kitu, hata Kiingereza kilichovunjika vipande anakisia anaendelea, kwahiyo mtoto halazimiki kujieleza vizuri. Mwenzake wa darasani asiyeelewa ni mwalimu bora zaidi kwa hilo. Iwe simu moja, spika wazi, wewe upo, watoto wanapokezana. Watoto wasifungue akaunti zao kiholela, OpenAI, wenye hiyo ChatGPT, wanataka miaka 13 na kuendelea, na aliye chini ya 18 awe na ridhaa ya mzazi. Na anayeomba aandikiwe hotuba aje aikariri utamgundua kwa maneno makubwa, muulize swali moja la pembeni tu.

Niliyoyaharibu

Niliwahi kuchukua rekodi ya binti mmoja nikaichezesha mbele ya darasa kama mfano wa kosa, nikidhani nimeficha jina inatosha. Sauti ndo jina. Darasa zima liligeuka kumwangalia. Ilinichukua zaidi ya mwezi kumfanya arekodi tena, na alianza na rekodi za sekunde nne. Tangu hapo makosa ya kuchezesha mbele ya watu ni ya kwangu mwenyewe, najirekodi nikikosea makusudi, na wakati mwingine sio makusudi.

Mengine madogo, simu imejaa katikati ya kazi inakataa kurekodi, kwahiyo hamisha mafaili kila Ijumaa. Spika ya bluetooth inatangaza betri imeisha kwa sauti kubwa kuliko somo. Chaji usiku, sio asubuhi, maana asubuhi ndo umeme unapojisikia kukatika. Na uwe na zoezi la kuongea lisilo na kifaa chochote mfukoni kila siku, ile 4/3/2 hata saa ya mkononi inatosha.

Utajuaje kama wanasonga

Rekodi ya wiki ya kwanza ya kila mwanafunzi usiifute. Mwisho wa muhula mpe swali lile lile, asikumbushwe alisema nini. Kisha chukua zile sekunde 45 za kila rekodi uhesabu vitu viwili, maneno aliyosema, na mara alizonyamaza zaidi ya sekunde tatu hivi. Hivyo viwili vinatosha kuonyesha mwendo. Kwa kueleweka, mpe mwalimu wa somo lingine asiyelijua hilo darasa asikilize rekodi chache aandike anachosikia, pale anapoacha nafasi wazi ndo pana kazi. Usifanye wewe, sikio lako limeshawazoea unawaelewa hata wasipoeleweka, ni ugonjwa wa walimu wote wa lugha.

Alafu kaa na kila kundi, wachezesheane ya kwanza na ya mwisho. Waachie nafasi wacheke. Kila mtu apewe mafaili yake mawili kwa bluetooth kama ana pa kuyaweka, nyingine zote futa kwenye hizo simu 10, muhula ujao zitahitaji nafasi.